Kastabini Ilipokatiwa Kitunguu

Jumatatu asubuhi, kliniki ya macho ilipofunguliwa, Baba Mkubwa aliingia akiwa ameshika birika lake mbele ya kifua, akamsalimia mlinzi, akapanda ngazi bila kupapasa ukuta, akaliweka birika juu ya kiti cha wagonjwa. Yeye mwenyewe alisimama kando, mikono nyuma, macho ameyafumba kwa kuwa hayakuwa na kazi.

Mpimaji, mama mmoja mnene aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, aliligeuza birika mpaka mdomo wake ukaelekea ubao wa herufi.

"Toa mfuniko, mzee," alisema. "Unatia kivuli."

Baba Mkubwa aliutoa mfuniko, akautia mfukoni. Akausoma mstari wa juu, wa kati na wa chini. Kisha, bila kuombwa, akasoma na jina la kiwanda lililochapwa pembeni kabisa mwa ubao, kwa herufi ambazo mpimaji mwenyewe hakuwahi kujua kama zipo. Mpimaji akaandika kwamba birika linaona vizuri, ila lina masizi upande wa kushoto. Lisuguliwe kwa majivu, lisiguswe na waya wa kusugulia.

"Umesikia?" Baba Mkubwa alimwambia mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti jeupe. "Sina tatizo. Damu niliyokupa juzi nimekupa kwa kukuridhisha tu."

Huyo aliyesimama mlangoni ndiye Mtafiti. Nyumbani walimwita hivyo kwa utani tangu alipokuwa binti mdogo anayefungua panzi matumbo, na utani ulipokuja kuwa cheo, hakuna aliyeona haja ya kubadilisha jina. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye friza linalokoroma kama mtu mzima, mashine ya kusomea vinasaba, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya hospitali. Alitafiti ugonjwa mmoja tu wa macho, nao ulikuwa wa ukoo wake mwenyewe.

Ugonjwa huo ulikuwa na adabu zake. Ulianza jioni. Mtu aliyepita sebuleni maisha yake yote alianza kugonga vigoda, akavilaumu vigoda. Baadaye pembe za macho zilijifunga, akawa anautazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kisha bomba nalo likaziba. Lakini nuru yenyewe haikupotea. Siku ya mwisho ilihamia kwenye kitu chochote kilichokuwa karibu, na mwenye nayo akaendelea kuona kutokea hapo. Nuru ya Baba Mkubwa ilihamia kwenye birika akisubiri chai. Nuru ya Shangazi ilihamia kwenye kandambili ya kushoto, akiwa ameinama kuitafuta ya kulia, na tangu siku hiyo Shangazi aliwajua watu kwa visigino vyao. Akitaka kumwona mgeni usoni aliivua kandambili na kuiinua juu, na wageni wasiomzoea walikuwa wakitimua mbio.

Vitu vya waliokwisha kufa viliendelea kuona vilevile. Viliwekwa sebuleni, kwenye rafu iliyoitwa rafu ya marehemu: kijiko cha mti cha ami mmoja, sega lenye meno machache la shangazi mwingine. Kila Ijumaa vilipanguswa vumbi na kugeuzwa, kilichotazama dirisha kitazame mlango, ili marehemu wasichoshwe na sura moja. Aliyepita mbele ya rafu alitoa shikamoo. Sega halikuitikia, lakini hata sega likiwa hai lilikuwa na kiburi.

Kwa nini nuru ilihama badala ya kuzimika, hilo Mtafiti hakulishughulikia. Lilikuwa swali la wataalamu wa fizikia, nao walikuwa na foleni ndefu. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu: ugonjwa ulitoka kwa nani.

Ukoo ulikuwa na jibu lake tayari. Giza, walisema, liliingia nyumbani siku alipoolewa Bibi. Kabla yake hakuna aliyejulikana kugonga kigoda. Babu, mumewe, alikuwa fundi saa mwenye sifa mji mzima. Saa ndogo kama kucha aliifungua na kuifunga, na alikufa, kwa maneno ya kila mtu, na macho yake kichwani. Basi watoto walipoanza kupoteza nuru mmoja baada ya mwingine, ilibaki damu moja ya kushukiwa. Bibi alipewa benchi karibu na mlango wa jikoni, hakuulizwa neno kwenye vikao, na akitajwa mbele ya wageni aliitwa aliyetuletea giza. Hawakumwita hivyo kwa chuki. Walimwita kama mtu anavyoitwa mrefu.

Sasa zamu ilikuwa imemfikia mke wa Refa.

Refa alikuwa mtoto wa Baba Mkubwa, mwamuzi wa mpira wa miguu, na macho yake yalikuwa fahari ya familia: aliwahi kumwadhibu mchezaji kwa kushika mpira ilhali yeye mwenyewe alikuwa amempa mgongo. Mkewe alikuwa msusi, na kila mtu, hata mumewe, alimwita Msusi. Walikuwa na binti mmoja. Mtoto huyo alipoanza shule ilionekana kwamba mchana anaona kama wenzake, ila jua likichwea nuru yake inamtoka na kuingia kwenye kizibo cha soda alichokuwa akichezea. Tangu hapo wakamwita Kizibo. Mwenyewe hakuona hasara. Jioni alikiweka kizibo juu ya kabati, akajua sukari inafichwa wapi.

Baba Mkubwa ndiye aliyehuzunika. Aliita kikao, akalitazamisha birika kwa kila mtu, akasema hana ubaya na mke wa mwanawe, ni binti mwenye heshima na mikono myepesi, lakini nyumba hii imeshaletewa giza mara moja, mara ya pili ni uzembe. Shule zikifungwa, Msusi arudi kwao. Mtoto abaki, maana mtoto ni wa ukoo. Refa aliinamisha kichwa na kusema neno la baba ni neno la baba.

Mtafiti alimpenda Msusi kuliko alivyowapenda ndugu zake wengi. Walikaa dawati moja shuleni; ni yeye aliyemleta nyumbani siku ya kwanza, ndipo Refa akamwona. Kwa hiyo alifanya kazi kwa haraka kuliko sayansi inavyopenda.

"Wifi, mashine yako ikichelewa utanikuta nimeshafunga mizigo," Msusi alimwambia siku moja akimsuka, kichwa cha Mtafiti kikiwa kimebanwa katikati ya magoti.

"Usifunge kitu."

"Nimeanza na sufuria. Nguo hazina kazi."

"Na Refa anasemaje?"

"Refa anasema macho yake mazima, kwa hiyo kosa ni langu. Nyani haoni kundule, Wifi. Na huyu nyani wangu ana filimbi." Akavuta nywele kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Nikienda, niambie kitu kimoja. Kizibo chake kinapanguswa kwa kitambaa kikavu. Nani atajua?"

Mtafiti alitaka kumtazama usoni, lakini kichwa hakikuwa na nafasi ya kugeuka.

Majibu yalitoka katikati ya wiki. Lilikuwa kosa la herufi moja, katika jeni ambayo kazi yake ni kulihudumia pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga. Baba Mkubwa alikuwa nalo. Shangazi alikuwa nalo, na Kizibo pia. Refa, pamoja na macho yake ya kuona nyuma ya kisogo, alikuwa nalo vilevile. Msusi hakuwa nalo. Mtafiti mwenyewe hakuwa nalo. Na Bibi, ambaye damu yake ilisomwa mara mbili kwa ajili ya heshima, hakuwa nalo kabisa. Mtafiti alitoka nje, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akalia kidogo kwa furaha, akarudi kazini.

Lakini alimjua Baba Mkubwa. Ungemwonyesha karatasi ya maabara, angeuliza: na mzee, aliyekufa anatengeneza saa, naye alikuwa kipofu? Babu alikuwa amezikwa zamani, na hakuna aliyewahi kumtoa hata tone la damu. Bila yeye, habari nzima ilikuwa suruali isiyo na mkanda.

Jioni hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Mtafiti alikaa jikoni akikata vitunguu, na Bibi alikuwa kwenye benchi lake akishona kifungo. Kwa kawaida Bibi hakukaa karibu na kitunguu. Kikimenywa tu, alichukua kikapu chake cha kushonea akaenda kukaa uani, na watu walisema uzee una mambo. Leo uani palikuwa pamejaa maji, akabaki. Kidoleni alikuwa amevaa kastabini yake, kile kikofia cha chuma kinachozuia sindano isichome. Aliivaa tangu asubuhi hadi usiku, siku zote, hata asiposhona, na hakuna aliyeuliza.

"Bibi," Mtafiti alisema, "kidole kinavuja."

Bibi akakitazama. Tone lilikuwa limeteremka kutoka kwenye kastabini hadi kwenye kifundo, na jingine lilikuwa njiani.

"Si kidole," alisema.

Mtafiti aliweka kisu chini. Birika la Baba Mkubwa nalo lilitoa machozi namna hiyohiyo, ndiyo maana halikuruhusiwa kukaa jikoni vitunguu vikikatwa. Alitoa tochi ndogo mkobani, akamulika. Kitone kinachong'aa juu ya kastabini kikasinyaa. Alipozima, kikatanuka tena polepole, kama mboni yoyote.

"Ni nani humo?"

"Nani mwingine atakaa kidoleni mwangu muda wote huu? Mwamkie babu yako kwanza, ndipo uulize."

Mtafiti akatoa shikamoo. Bibi akakata uzi kwa meno, akaanza kusimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika.

Nuru ya Babu ilihama alipokuwa bado kijana, mtoto wa kwanza hajazaliwa. Bibi alikuwa amekaa ubavuni pake akishona, na kastabini ndiyo iliyokuwa karibu. Fundi saa kipofu haletewi saa, hata kipofu anayeona kwa kastabini. Basi Babu akamwomba mkewe wasiseme. Tangu siku hiyo Bibi akawa anakaa kiwikoni mwa mumewe kutwa, anajifanya kushona, kidole kimeelekezwa ndani ya saa. Barabarani alimshika mkono, kidole mbele. Watu wakasema mwanamke yule ana wivu, hampi mumewe nafasi ya kuvuta pumzi. Mteja akisifu macho ya Babu, Babu alisema asante, na Bibi alikikunja kidole kidogo ili asicheke.

"Kisha watoto wakaanza kuugua, wakasema ni wewe," Mtafiti alisema.

"Wakasema ni mimi."

"Na Babu akanyamaza?"

"Alisema tungoje kidogo. Babu yako alikuwa hodari wa saa, lakini wakati ulimshinda." Bibi aliifuta kastabini kwa pindo la gauni. "Usimchukie. Nilimpenda. Tukiwa wawili alikuwa na mizaha ambayo siwezi kukusimulia mpaka uolewe. Alipokufa nilimuuliza kama sasa naweza kusema, lakini kastabini haijibu. Nikabaki namwonyesha dunia tu. Asubuhi namweka dirishani."

"Wamekuita aliyeleta giza maisha yako yote, Bibi."

"Nimezoea. Siku wakichelewa kuniita, nachungulia kama wazima." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama mvua. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelilima mpaka limekwisha, lakini ugeni haukuisha. Huyo binti asipitie haya. Mpime babu yako. Mimi ndiye mkewe, natia sahihi."

Asubuhi iliyofuata kastabini iliwekwa mbele ya kamera inayopiga picha ndani ya jicho. Ililazimu kuiegemeza kwa pamba, maana kidevu haikuwa nacho. Picha ilipotokea, pazia la nyuma lilikuwa na madoa meusi yaliyotapakaa pembeni kote, sawasawa na yale ya birika. Baadaye mpimaji alileta kitunguu na kisu, na Mtafiti akashika kichupa. Kazi hiyo walilazimika kuirudia, kwa sababu tone la kwanza lilikuwa la mpimaji. La pili lilikuwa la Babu. Lilipita kwenye mashine kama sampuli nyingine yoyote, na kosa likapatikana: herufi ileile, mahali palepale.

Kikao kiliitwa Jumamosi alasiri, siku moja baada ya shule kufungwa. Birika liliwekwa juu ya meza, mdomo kwa watu. Kandambili ya Shangazi ilikaa kwenye mkono wa kochi. Bibi na Msusi walikaa kwenye benchi la mlangoni, na nyuma yao, ukumbini, mizigo ya Msusi ilikuwa imepangwa, sufuria juu. Kizibo alikuwa chini ya meza, akisikiliza.

Mtafiti alieleza bila kuficha kitu. Alieleza kosa la herufi, na jinsi mzazi mmoja anavyotosha kulipitisha. Alieleza kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, kama vibarua wawili wa zamu moja; mmoja akiwa mgonjwa, kazi inalala. Lakini wako watu ambao yule kibarua mzima ni hodari kupita kiasi, anafanya kazi ya wawili, na bosi hajui kamwe kwamba mmoja hakuja.

"Kama nani?" aliuliza Refa.

"Kama wewe, kaka. Unalo, na umempa mwanao."

Refa alifikiri. "Nilihisi," alisema, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akihisi.

"Na mimi nimelitoa wapi?" aliuliza Baba Mkubwa. "Si kwa huyo hapo mlangoni?"

"Damu ya Bibi ni safi. Umelitoa kwa Babu." Mtafiti alimwomba Bibi mkono, akakiweka kidole chake mezani mbele ya birika, akawasha tochi. Kitone cha kastabini kikasinyaa mbele ya wote.

Birika likaitazama kastabini, na kastabini ikalitazama birika. Baba na mwana hawakuwa wameonana siku nyingi.

"Shikamoo, mzee," alisema Baba Mkubwa.

Shangazi aliinua kandambili yake, akaisogeza karibu. "Umekonda, baba," alisema kwa upole.

Watu wakapanga foleni kumwamkia. Kila mmoja aliinama kwenye kidole cha Bibi, akasema lake, akampisha mwenzake, na Bibi alikuwa amenyoosha mkono kama mtu anayepakwa rangi ya kucha. Refa alimweleza Babu matokeo ya mechi. Sebule ilichangamka, chai ikaletwa, na birika lingine likatumika kuimimina. Mtafiti alimtazama Msusi, na Msusi akashusha begi lililokuwa begani.

"Kwa hiyo giza halikuletwa na Bibi," Mtafiti alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wala halikuletwa na Wifi."

"Giza?" Baba Mkubwa alishangaa. "Nani kataja giza hapa? Kitu cha mzee hakiitwi giza. Huo ni urithi."

Wote wakaafiki. Tangu saa ile neno giza halikutumika tena katika nyumba ile, hata umeme ulipokatika.

"Basi limekwisha," alisema Mtafiti.

"Limekwisha, tena vizuri. Umetutoa ujingani, mwanangu." Baba Mkubwa aliligeuza birika kuelekea mlangoni. "Sasa huyu mke wa Refa. Umesema vipimo vyake havina kitu?"

"Havina."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Baba Mkubwa alisikitika, na alisikitika kwa dhati. "Sasa mtu asiye na urithi atamleaje mtoto mwenye urithi? Atajua nini cha kizibo?"

Mtafiti alisema ni Msusi huyohuyo anayekipangusa kizibo kila jioni. Alisema jana mlikuwa mnamfukuza kwa kuwa nao, na leo mnamfukuza kwa kutokuwa nao. Shangazi alikubali kwamba ndivyo ilivyo, elimu ikija mambo hubadilika.

"Hata mimi sina," Mtafiti alisema. Sasa alikuwa amekasirika. "Nifukuzeni na mimi."

"Wewe ni damu yetu," alisema Shangazi, akampapasa goti. "Umekosa bahati tu."

Kisha Baba Mkubwa akakumbuka jambo jingine. Mzee hawezi kuendelea kukaa kidoleni mwa mtu wa nje, alisema, sasa kwa kuwa yamejulikana. Nafasi yake ni kwenye rafu, katikati, kati ya kijiko na sega. Alimwomba Bibi kwa heshima zote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimwita mama mbele ya kikao.

Bibi hakubisha. Alisema angependa kumpangusa kwanza. Aliingia chumbani na kikapu chake cha kushonea, akakaa humo kitambo kidogo, akatoka na kastabini juu ya kitambaa cheupe. Baba Mkubwa aliipokea kwa mikono miwili na kuisimamisha kwenye rafu. Bibi alirudi chumbani akatoka na begi. Alisema kazi aliyokuwa nayo nyumbani humu ameikabidhi, na kwa kuwa Msusi anaondoka na hana wa kumshikia nyuzi, atafuatana naye. Hakuna aliyeona kosa. Refa, ambaye hakuwa na roho mbaya, alibeba mizigo yote hadi kituoni.

Mlangoni, Kizibo alikitoa kizibo chake mfukoni, akakitumbukiza kwenye mfuko wa kifuani wa mama yake, uso nje.

"Na wewe jioni utaonaje?" Msusi aliuliza.

"Nitakuona wewe," alisema mtoto. "Nyumba hii nimeshaiona."

Msusi alimkumbatia muda mrefu, na Mtafiti alitazama pembeni, akijifanya kuhesabu sufuria.

Walipokwisha kuondoka, Mtafiti alirudi sebuleni peke yake, akawasha tochi, akaimulika kastabini iliyokuwa katikati ya rafu. Kitone chake hakikusinyaa. Akamulika karibu zaidi. Ilikuwa chuma tu. Akakumbuka kikapu cha Bibi, ambacho sehemu ya chini yote ilikuwa imejaa kastabini, akaanza kucheka taratibu hadi akashika rafu. Halafu akaizima tochi, akaisawazisha kastabini mahali pake, akatoa shikamoo kwa sauti ya kumfikia Baba Mkubwa chumbani.

Utafiti wake ulikubaliwa kuchapishwa. Wahakiki waliuliza swali moja tu, kitunguu kilikuwa chekundu au cheupe. Wagonjwa kutoka familia nyingine walianza kuja kliniki, wengine na funguo, mmoja na jembe, na mpimaji alinunua pamba ya kutosha.

Siku hizi, jioni, Mtafiti akitoka kazini hukaa na Kizibo kwenye ngazi ya mbele. Jua likiwa juu mtoto hufanya hesabu za shule. Likichwea hufunga daftari, kwa sababu ngazi, ua na shangazi yake huondoka machoni, na badala yake huona chumba cha ususi upande wa pili wa mji, kwa kimo cha mfuko wa kifuani.

"Mama ana mteja," husema. "Kichwa kikubwa. Atachelewa kula."

"Na Bibi?"

"Yuko dirishani. Ameinua kidole, anamwonyesha Babu barabara. Babu analengwalenga na machozi. Jirani anakaanga vitunguu."

Msusi hawezi kumwona mwanawe. Anachojua ni saa ya jua kuchwea. Ikifika huacha kusuka, hukitoa kizibo mfukoni na kukiinua usawa wa uso wake, akakipungia mkono, na wateja wake wameshazoea kungoja.

"Ananipungia," husema Kizibo, naye huinua mkono na kupunga mbele yake, pale ambapo pana ukuta tu.

Jana Baba Mkubwa alitokea mlangoni na birika lake, akamkuta akipunga.

"Unampungia nani, mjukuu wangu?"

"Mama."

"Msalimie," alisema Baba Mkubwa kwa upole. Kisha akarudi ndani, maana ilikuwa Ijumaa, akaipangusa kastabini vumbi, akaigeuza itazame dirisha, akaipa shikamoo.